Jeraha la kibarua lisipatanishwe kabla halijapona

MSIMU wa korosho ukifunguliwa, wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi huwa hazilali. Malori hupanga foleni kwenye maghala, wapakizi hupandisha magunia mchana na usiku, na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, hushinda mizanini wakihesabu kilo. Miezi michache kabla ya hapo, vijana hao hao huwa mashambani na mabomba ya injini mgongoni, wakipulizia salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Ufuta nao ukiingia sokoni katikati ya mwaka, pilikapilika ni zile zile.

Katika pilikapilika hizo, mazungumzo ya kila mtu ni bei. Mkulima anauliza mnada umefungwa shilingi ngapi, mnunuzi anauliza mzigo utatoka lini, na chama kinauliza makato yatatosha au la. Swali moja huulizwa mara chache, na likiulizwa huwa wakati umeshapita: anayebeba gunia la kilo 80 akianguka nalo, nani atamtibu, na atamtibu hadi lini?

Utaratibu uliozoeleka unafahamika. Kibarua akiumia hukimbizwa hospitali kwa pikipiki. Mwenye kazi hulipa dawa za siku ile, humpa mgonjwa pesa ya kula, na baada ya wiki moja au mbili pande mbili hukutanishwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mzee wa familia. Inatajwa laki mbili, pengine laki tatu. Mgonjwa anaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba hatadai tena, watu wanapeana mikono, na jambo limekwisha.

Halijakwisha. Mfupa uliounganika vibaya unataka kuvunjwa na kuungwa upya. Mgongo uliotikisika unaanza kuuma upya masika. Jicho lililoingia salfa linapungua nguvu taratibu. Ndipo familia inauza mbuzi, halafu baiskeli, halafu mikorosho yenyewe inawekwa rehani kwa bei ya kutupa. Laki mbili zile zilikwisha siku nyingi, na karatasi ya dole gumba iko kwenye faili la mwenye kazi.

Tatizo katika mapatano ya namna hiyo si ubahili wa mwajiri peke yake. Waajiri wengi wa Nachingwea na Ruangwa ni watu wa kawaida, nao hutoa walicho nacho kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba jeraha linapangiwa bei siku ambayo hakuna anayejua bei yake. Mkulima hakubali kuuza korosho kabla hazijapimwa unyevu na daraja. Inakuwaje mkono wa mtu uuzwe kabla daktari hajasema kama utakunjuka tena?

Sheria iliyolala miaka mingi

Historia ya suala hili ina uhusiano na Nachingwea yenyewe. Kati ya mwaka 1947 na 1951, Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha mradi mkubwa wa karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya mradi huo ilijengwa reli kutoka pwani ya Mtwara, na maelfu ya vibarua waliajiriwa kung'oa visiki na kufyeka pori. Ni katika kipindi hicho hicho ilipotungwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 263.

Mradi wa karanga ulikufa baada ya miaka michache. Sheria yake ya rika moja iliishi hadi karne hii, lakini ikiwa imechoka. Kiwango cha juu cha fidia kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa Sh. 108,000, na kwa kifo Sh. 83,000. Shilingi iliposhuka thamani, viwango hivyo havikupanda. Ikafika mahali ambapo maisha ya mfanyakazi yalikuwa na bei ndogo kuliko magunia machache ya korosho. Si ajabu kwamba watu walizoea kumalizana nyumbani, kwa kuwa sheria haikuwa na kitu cha kuwapa.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria mpya ya Fidia kwa Wafanyakazi, na chini yake ukaanzishwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaofahamika kwa kifupi WCF. Mfuko ulianza kupokea michango ya waajiri Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Unahusu sekta ya umma na sekta binafsi Tanzania Bara. Anayechangia ni mwajiri peke yake, na mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Waajiri wa sekta binafsi walianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara wanayolipa. Mwaka 2021 kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 0.6, na Julai 2022 kikafika asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma.

Jambo la msingi ambalo wengi hawalijui ni hili: fidia hiyo hailengi kumtafuta mchawi. Mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, kwa sababu ya kazi, halazimiki kuthibitisha kwamba tajiri yake alikuwa mzembe. Ugonjwa unaotokana na kazi nao umo. Anayepulizia salfa akapata madhara ya kifua, au mbanguaji anayechomwa mikono na mafuta ya ganda la korosho, si watu wa kuambiwa kwamba hawakuanguka popote.

Fidia inayosubiri kidonda

Tofauti kubwa kati ya Mfuko na mapatano ya chini ya mwembe ni namna kila upande unavyouhesabu wakati. Mapatano hulipa mara moja na kufunga mlango. Sheria imegawa mafao kufuatana na safari ya mgonjwa.

Kwanza ni matibabu. Pili, wakati mgonjwa hawezi kufanya kazi lakini anatarajiwa kupona, analipwa asilimia 70 ya kipato chake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Tatu, matibabu yakishafikia mahali ambapo hali haitarajiwi kubadilika tena, ndipo daktari anapopima ulemavu wa kudumu na kuutaja kwa asilimia. Zipo pia huduma za utengamao, vikiwemo viungo bandia, na malipo kwa mgonjwa anayehitaji mtu wa kumhudumia kila siku. Mfanyakazi akifariki, kuna msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mpakizi ana kipato cha Sh. 300,000 kwa mwezi, na daktari amepima ulemavu wa asilimia 20. Kwa kuwa haujazidi asilimia 30, analipwa kwa mkupuo. Asilimia 70 ya kipato chake ni Sh. 210,000. Ukizidisha kwa miezi 84 unapata Sh. 17,640,000, na asilimia 20 ya hizo ni Sh. 3,528,000. Ulemavu ukizidi asilimia 30, mkupuo unaachwa na mgonjwa anaingia kwenye malipo ya kila mwezi. Mpakizi huyo huyo akipimwa asilimia 50, ni Sh. 105,000 kila mwezi. Huo ni mfano wa kukokotoa tu, kabla ya kuzingatia viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa na Serikali. Lakini ukiuweka kando ya laki mbili za dole gumba, hauhitaji maelezo.

Upande wa mwajiri nao uhesabiwe. AMCOS inayolipa mishahara na ujira wa jumla ya Sh. 1,500,000 kwa mwezi inatakiwa kuchangia Sh. 7,500. Kwa mwaka mzima ni Sh. 90,000. Hakuna chama cha msingi kilichokosa fedha hiyo katika makisio yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika. Chama hicho hicho kikiangukiwa na mgonjwa mmoja wa kuvunjika nyonga, hakuna makato ya kilo yatakayotosha, na mwisho wa yote mzigo utamrudia mkulima kwenye malipo yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa kwa korosho za wanachama.

Nani mwajiri ghalani?

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba vibarua wa msimu si waajiriwa. Hawana barua, hawana mkataba, wanalipwa kwa gunia, na msimu ukiisha kila mtu anakwenda kwake. Hoja hiyo inasikika vizuri mbele ya mwenyekiti wa kijiji, lakini haina nguvu kubwa inavyodhaniwa.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaeleza mazingira ambayo mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba umeandikwaje. Miongoni mwake ni kama mtu anafanya kazi kwa kuelekezwa na mwingine, kama saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, kama anapewa vifaa vya kazi, kama anamtegemea kiuchumi anayempa kazi, au kama amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mpakizi anayeingia ghalani saa moja asubuhi na kutoka mzigo ukiisha, kwa amri ya msimamizi, ana mengi ya kumwonyesha Afisa Kazi.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao umetumika kwenye korosho tangu msimu wa 2007/08, gunia moja hupita mikono mingi. Kuna AMCOS inayokusanya, kuna chama kikuu cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kuna mwendesha ghala, kuna mnunuzi na kuna msafirishaji wake. Katikati yao kuna kiongozi wa kikundi cha wapakizi anayepokea hela na kuwagawia wenzake. Ajali ikitokea, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole. Mwendesha ghala anasema wapakizi ni wa mnunuzi, mnunuzi anasema ni wa kikundi, na kiongozi wa kikundi naye ni mpakizi tu, hana ofisi.

Dawa ya ugomvi huo ni kuumaliza kabla haujaanza. Mkataba wa ghala na mkataba wa usafirishaji viseme wazi, kabla ya gunia la kwanza kupokewa, nani mwajiri wa wapakizi na nani anawachangia. Anayeomba kazi ya kupakia aonyeshe cheti cha usajili wa Mfuko kama anavyoonyesha leseni ya biashara. Chama kikuu kina nguvu ya kulidai hilo kwa wote wanaotaka kugusa mzigo wa wanachama wake. Hiyo itakuwa huduma kwa mkulima pia, maana watoto wa wakulima ndio wapakizi.

Ruangwa ina jambo la ziada. Wilaya hiyo ina madini ya kinywe na machimbo madogo ya dhahabu, na huko vijana wengi hufanya kazi kwa mgawo badala ya mshahara. Shimo likibomoka, mwenye leseni husema walikuwa wabia. Ubia wa kugawana mawe na kutogawana maumivu ni ubia wa ajabu. Wachimbaji wadogo na wenye leseni wana sababu ile ile ya kukaa na Afisa Kazi na kuandikiana mapema.

Hesabu ya matibabu ya kesho

Hata pale Mfuko unapolipa, familia na mwajiri wanatakiwa kujua kwamba gharama ya jeraha si dawa peke yake. Matibabu yanayolipiwa na Mfuko yana ukomo wake wa muda, ukomo unaoweza kusogezwa pale inapoonekana kwamba matibabu zaidi yatapunguza ulemavu. Kwa hiyo mgonjwa asiyerudi kliniki kwa sababu ya nauli anapoteza mara mbili: anapoteza uponyaji, na anapoteza kumbukumbu ambayo ingemtetea.

Majeraha makubwa ya Nachingwea na Ruangwa hayatibiwi yote katika hospitali za wilaya. Mengine hupelekwa Ndanda, Lindi au Mtwara, na yaliyoshindikana huko hufika Dar es Salaam. Tuseme safari moja ya mgonjwa na msindikizaji wake, pamoja na nauli, chakula na mahali pa kulala, inagharimu Sh. 60,000. Akitakiwa kwenda mara sita kwa mwaka ni Sh. 360,000, na kwa miaka mitatu ni Sh. 1,080,000, kabla hajanunua hata kidonge. Hapo hazijahesabiwa siku za palizi ambazo msindikizaji hakuwa shambani, wala mguu bandia ambao baada ya miaka utachakaa na kutaka kubadilishwa.

Hiyo ndiyo hesabu inayopaswa kukaa mezani kila watu wanapotaka kupatana. Daktari aulizwe maswali manne: matibabu yataendelea kwa muda gani, mgonjwa atahitaji upasuaji mwingine au la, atahitaji kifaa gani na kitadumu miaka mingapi, na kazi gani hataiweza tena. Majibu yaandikwe. Mwajiri anayetaka kumsaidia mtu wake afanye hivyo, na ni jambo la kiungwana, lakini msaada huo uitwe msaada. Karatasi ya kumalizana haimwondolei wajibu wa kutoa taarifa.

Taarifa yenyewe ina muda. Mfanyakazi anatakiwa kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo, na mwajiri anatakiwa kuujulisha Mfuko ndani ya siku saba baada ya kupata habari. Madai yakikaa kimya zaidi ya miezi 12 tangu ajali, haki inaweza kupotea. Ndiyo maana kumalizana kienyeji kuna hatari iliyojificha: mgonjwa anatulizwa kwa fedha kidogo, miezi inapita, na siku mguu unapoanza kuoza muda umeshakwenda.

Ushahidi nao huanza siku ya kwanza. Kibarua atunze karatasi za hospitali, risiti, na ujumbe wa simu wa malipo ya ujira, kwa kuwa ujumbe huo unaonyesha nani alimlipa na kiasi gani. Ikiwa ni ajali ya gari, fomu ya polisi ya PF3 isikosekane. Mwajiri naye awe na daftari la majina, siku za kazi na malipo. Daftari la shule la kurasa mia moja linaweza kuokoa chama kizima.

Kwa mkulima anayejilimia mwenyewe, ambaye hana mwajiri, Mfuko huu haumgusi. Bomba likimlipukia ni yake na familia yake. Kwake njia iliyopo ni bima ya afya, ambayo imewekewa msingi na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, pamoja na kujiwekea akiba wakati wa msimu. Fedha ya korosho huja kwa mkupuo na kuondoka kwa mkupuo. Anayekata bima siku ya malipo, kabla ya bati na redio, ndiye atakayelala bila wasiwasi masika.

Yanayopaswa kufanyika

Mkutano mkuu wa kila AMCOS uwe na mstari mmoja katika makisio unaosema mchango wa fidia, na wanachama wauulizie kama wanavyoulizia makato ya magunia. RUNALI iwaweke waendesha maghala na wasafirishaji kwenye sharti hilo hilo. Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa, ambazo zinategemea ushuru wa mazao yanayobebwa na migongo ya vijana hao, ziwaalike maofisa wa Mfuko na wa Idara ya Kazi kwenye vikao vya maandalizi ya msimu, si baada ya ajali. Mfuko nao urahisishe lugha na safari: mpakizi asiyejua mtandao wala umombo apate mahali pa kutoa taarifa bila kulazimika kupanda basi kwenda mjini.

Wafanyabiashara wadogo wenye mashine za kukoboa, maghala ya ufuta na vikundi vya ubanguaji wasisubiri kukaguliwa. Kutojisajili ni kosa linaloweza kuleta faini, kifungo au vyote viwili, lakini sababu kubwa zaidi ya kujisajili ni ile ya kila siku. Nusu shilingi katika kila shilingi mia ya ujira ni bei ndogo kuliko kumtazama mtu uliyemlipa jana akipita na magongo mbele ya duka lako.

Korosho ya Nachingwea na Ruangwa hupimwa mara kadhaa kabla ya kulipwa. Aliyeibeba anastahili angalau kupimwa mara moja na daktari, kidonda kikiwa kimepona, kabla ya mtu yeyote kumwekea karatasi na wino mbele yake.